Ukiombwa taarifa zako za afya kwa ajili ya utafiti: mambo ya kufanya kabla na baada ya kusaini

Maombi ya namna hii yanakuja kwa njia nyingi. Uko kliniki ya kisukari, nesi anakwambia kuna watafiti wangependa kusoma faili lako. Mhudumu wa afya ya jamii anabisha hodi, tableti mkononi, anataka kuorodhesha kila anayelala nyumba hiyo. Programu ya simu inayohesabu hatua na mapigo ya moyo inakuomba uruhusu takwimu zako ziende kwa wanasayansi. Au ndugu yako aliye Birmingham amepata barua inayomwalika kutoa damu kidogo na kuruhusu rekodi zake zote za hospitali zisomwe.

Katika hali zote hizo watu huuliza maswali mawili: sindano inauma? Nauli mnatoa? Ni maswali ya haki. Lakini maumivu ya sindano yanakwisha dakika ileile, na nauli haifiki jioni. Kinachobaki ni taarifa, nazo zinaweza kukaa miaka 20 au 30 zikisomwa na watu ambao hamtaonana kamwe. Mwongozo huu unahusu hiyo miaka. Mimi niko upande wa kushiriki, tena kwa nguvu, ila kushiriki kwa macho mawili.

Hatua ya 1: Jua unaombwa nini hasa

Mwulize mtafiti moja kwa moja: mnataka maneno yangu, faili langu, au kitu kutoka mwilini mwangu? Majibu haya yanatofautiana sana.

Maneno ni dodoso. Watu wa Kilifi wanalijua vizuri: tangu mwaka 2000 wapita nyumba kwa nyumba wa mradi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza unaogharamia utafiti wa afya, wamekuwa wakirudi kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, katika eneo lenye zaidi ya watu 250,000. Ifakara na Rufiji zina historia ya kazi kama hiyo tangu miaka ya 1990. Unaweza kuona kama usumbufu tu, lakini bila hesabu ya aina hiyo hakuna anayeweza kusema chandarua kimeokoa watoto wangapi. Jaribio la vyandarua vyenye dawa lililofanyika Kilifi katikati ya miaka ya 1990 liliweza kuonyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban theluthi moja kwa sababu kila mtoto alikuwa amehesabiwa.

Faili ni jambo jingine. Hapo unaruhusu yale uliyomwambia daktari kwa siri, pengine miaka kumi iliyopita, yasomwe na mtu wa tatu. Uliza: mtasoma kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani? Mtachukua ugonjwa huu tu au kila kitu, pamoja na kipimo cha VVU na mimba iliyoharibika?

Sampuli, yaani damu, mate, mkojo au kipande cha nyama, ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu damu iliyogandishwa inaweza kujibu maswali ambayo leo hayajaulizwa. Tutarudi hapo.

Na kama kinachozungumzwa ni kukupa dawa mpya au chanjo mpya, hilo ni jaribio la tiba. Lina hatari zake na maswali yake, na mwongozo huu hautoshi.

Hatua ya 2: Hakikisha utafiti una kibali

Tanzania Bara, utafiti wa afya wa kitaifa hupitiwa kimaadili na kamati iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Vyuo vikuu vya tiba vina kamati zao. Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya, leseni hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, baada ya kamati ya maadili kuridhia. Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia.

Huhitaji kukariri majina hayo. Unachohitaji ni kuona kwenye karatasi namba ya kibali na namba ya simu ya kamati ya maadili, siyo ya mtafiti peke yake. Kama karatasi ina namba ya mtafiti tu, uliza. Kama hakuna karatasi kabisa, muage kwa adabu.

Hapa wengi huteleza, hasa pesa inapotajwa mapema. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni Nairobi, katika jumba la KICC, ili mboni zao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Ule haukuwa utafiti wa afya, lakini ni kitu cha mwili wa mtu kilichochukuliwa kwa mistari miwili ya maelezo. Utaratibu wa kibali upo ili mtu mwingine, mwenye muda na utaalamu, awe ameuliza maswali kabla yako.

Hatua ya 3: Nenda na karatasi nyumbani

Karatasi ya maelezo ni yako. Iombe, ikunje, nenda nayo. Mtafiti anayesema lazima usaini leo kabla hujaondoka anatakiwa akupe sababu nzuri, na mara nyingi hana.

Iwe kwa lugha unayoielewa. Kama Kiswahili chake kimejaa maneno magumu kuliko ya hakimu, mwambie akueleze kwa mdomo. Kama hujui kusoma, una haki ya kuwa na shahidi unayemwamini, asiye mfanyakazi wa mradi, asikilize kila neno kabla hujaweka dole gumba. Kuna kipimo kizuri ambacho watafiti makini hukitumia wenyewe: wanakuomba urudie kwa maneno yako ulichoelewa. Wasipokuomba, jitolee. Sema, "Ngoja nikueleze nilivyoelewa, unisahihishe." Utashangaa mara ngapi mtu anagundua kwamba alidhani ameandikishwa kupata matibabu ya bure.

Ongea na wa nyumbani, ni jambo jema. Ila mume hasaini kwa niaba ya mke aliye mtu mzima, wala mwenyekiti wa kijiji hasaini kwa niaba ya kijiji. Kikao cha serikali ya mtaa kinafungua mlango tu. Kuingia au kutoingia ni kwako.

Na kuhusu damu: wazee wetu wa pwani na bara walikuwa na hadithi za mumiani na chinjachinja, watu wanaozunguka usiku kukusanya damu, na hadi leo mradi ukichukua chupa tatu badala ya moja minong'ono inaanza. Usione haya kuuliza. "Mnachukua kiasi gani, na inapimwa nini?" Jibu zuri linatolewa kwa vijiko: kijiko kimoja cha chai ni mililita tano.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu kesho

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke hata ukiruka nyingine zote.

Ridhaa zina upana tofauti. Ipo ya utafiti huu tu: wakimaliza, sampuli inateketezwa. Ipo inayoruhusu utafiti mwingine wa ugonjwa huohuo. Na ipo pana, ambapo unaruhusu tafiti za baadaye ambazo hata mtafiti hazijui bado, mradi kamati ya maadili iridhie. Hazina kubwa za taarifa karibu zote hutumia ridhaa pana. Ile ya Uingereza iitwayo UK Biobank iliandikisha watu 500,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, na hadi leo watafiti wa nchi nyingi wanaitumia kwa maswali ambayo mwaka 2006 hayakuwepo. Faida ya ridhaa pana ni hiyo. Na hofu yake pia ni hiyo.

Kisa cha Wahavasupai kinafaa kukumbukwa na kila anayesaini. Ni jamii ndogo ya wenyeji wa Marekani wanaoishi ndani ya bonde la Grand Canyon, Arizona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Arizona State University, wakiamini ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Baadaye waligundua damu ileile ilitumika kuchunguza ugonjwa wa akili, kuoana kwa ndugu, na asili ya uhamaji wa mababu zao, jambo lililogusa imani yao kuhusu walikotoka. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli. Hakuna aliyeumizwa na sindano. Waliumizwa na kilichofuata.

Kwa hiyo maswali yako, kwa maneno ya kawaida, yawe haya:

Sampuli na taarifa zitakaa wapi, kwa miaka mingapi? Zikisafirishwa nje ya nchi, kuna mkataba wa kusafirisha sampuli, na zitarudi au zitateketezwa huko? Nani anaamua mtafiti mwingine apewe au anyimwe, na kuna mtu wa huku kwenye kamati hiyo? Kampuni ya biashara inaweza kupewa? Naweza kukubali hili na kukataa lile?

Swali la mwisho lina jibu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Fomu nyingi zina visanduku: nakubali kuhojiwa, nakubali damu itunzwe, nakubali vinasaba (DNA) vipimwe, nakubali nitafutwe tena. Kila kisanduku ni uamuzi wake. Unaweza kuweka tiki viwili na kuacha viwili, na hakuna anayeruhusiwa kukununia.

Kuhusu biashara, sina msimamo mkali. Dawa haitoki maabara hadi kwenye rafu ya duka bila kampuni. Lakini fikiria mfano huu. Mwaka 2005 watafiti wa Dallas, Texas, waliokuwa wakifuatilia afya ya moyo ya wakazi wa huko, waliona kwamba baadhi ya washiriki weusi, takriban wawili kwa kila mia, wana hitilafu katika kinasaba kiitwacho PCSK9, na lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu yao iko chini sana. Ikaja kuonekana kwamba watu wa namna hiyo hawaugui sana moyo. Kufikia mwaka 2015 dawa zinazoiga hitilafu hiyo zilikuwa zimeidhinishwa. Ni ushindi mkubwa wa sayansi, na bei yake iko mbali na mfuko wa wengi wenye asili moja na waliotoa damu ile. Ndiyo maana swali la "tutanufaika vipi huku?" si la uroho.

Upande wa pili wa shilingi ni kutokushiriki kabisa, ambako nako kuna gharama. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kinatumika duniani kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba aina ya kinasaba cha G6PD ambayo takriban asilimia 11 ya Wamarekani weusi wana angalau nakala yake moja hukishusha kipimo hicho, hivyo mwenye kisukari anaweza kuonekana mzima. Hilo halikuonekana mapema kwa sababu taarifa za vinasaba zilizokuwa zikichambuliwa zilitoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Vilevile, tunayoyajua kuhusu kuishi na selimundu Tanzania yametoka kwa sehemu kubwa kwa maelfu ya wagonjwa wa Muhimbili, wengi wao watoto, waliofuatiliwa tangu 2004 katika kazi iliyoanzishwa na Profesa Julie Makani. Wazazi wao walisaini.

Hatua ya 5: Usiridhike na "jina lako litaondolewa"

Litaondolewa, ni kweli, na nafasi yake itawekwa namba. Lakini jina ni moja tu kati ya vitu vinavyokutambulisha. Katika miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti rekodi za hospitali za watumishi wake bila majina. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alinunua orodha ya wapiga kura kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akaipata rekodi ya gavana mwenyewe, William Weld. Baadaye alikadiria kwamba vitu hivyo vitatu vinatosha kumtofautisha Mmarekani mmoja na wengine wote kwa asilimia 87 ya watu.

Leta hilo kijijini. Mwalimu wa kike, miaka 43, mjane, ana presha na sukari, anaishi kijiji fulani wilaya ya Pangani. Nani asiyemjua? Uliza, basi: mtatoa jina la kijiji au mkoa tu? Tarehe kamili ya kuzaliwa au mwaka? Na orodha inayounganisha namba yangu na jina langu inashikwa na nani, na imefungiwa wapi?

Jibu la kweli halitakuwa "haiwezekani kabisa ujulikane". Mtafiti mkweli atakwambia hatari ni ndogo na atakueleza anaipunguza vipi. Huyo ndiye wa kumwamini.

Hatua ya 6: Vinasaba si vyako peke yako

Ukitoa mate yapimwe vinasaba, umetoa pia habari za mama yako, ndugu zako na wanao. Huhitaji ruhusa yao kisheria, lakini waambie, hasa kama ugonjwa unaotafutwa ni wa ukoo.

Yapo mambo mawili ambayo watu huona haya kuyauliza. La kwanza: kupima baba, mama na mtoto pamoja kunaweza kuonyesha kwamba baba siye. Miradi mingi inaamua mapema kwamba habari hiyo haitatolewa kwa yeyote. Uliza uamuzi wao ni upi, kabla ya damu kutoka. La pili: wakikuta hatari ya ugonjwa mwingine ambao hamkuja kuutafuta, utaambiwa? Wapo wanaotaka kujua kila kitu na wapo wasiotaka kujua ugonjwa usio na tiba. Chagua, na chaguo liandikwe.

Wanaotuma mate kwa kampuni za kibiashara ili wajue asili yao, hasa ndugu zetu wa ughaibuni, nao wasome vizuri kile kisanduku cha utafiti. Kampuni ya 23andMe ilitangaza mwaka 2023 kwamba wadukuzi wamefikia taarifa za watu takriban milioni 6.9, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kampuni ikiuzwa, taarifa zako ni sehemu ya mali inayouzwa.

Hatua ya 7: Pesa

Kurudishiwa nauli na kufidiwa siku ya kibarua ni halali, na pokea bila aibu. Kiasi kikubwa mno kiwe kengele. Wewe kutoa pesa ili ushiriki ni utapeli, hakuna mjadala.

Hatua ya 8: Ukikubali, sema kweli

Taarifa ya uongo ni mbaya kuliko kukataa. Kama unakunywa mlonge na mwarobaini pamoja na vidonge vya presha, sema, hata kama daktari wako hajui. Kama hujui tarehe ya kuzaliwa, sema hujui, usitunge Januari mosi. Ukipewa mashine ya kupimia presha nyumbani, andika namba iliyotoka, hata ile ya asubuhi ya ugomvi, usisubiri ishuke ndipo uandike.

Na lipo hili ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema: kama uliwahi kutibiwa kwa kadi ya bima ya ndugu, au ndugu alitibiwa kwa yako, faili hilo lina magonjwa ya watu wawili. Siombi ujishtaki. Lakini ukiombwa ruhusa faili lisomwe na unajua halikuhusu lote, ni bora ukatae faili na ukubali kuhojiwa.

Hatua ya 9: Baada ya kusaini

Baki na nakala iliyosainiwa na pande zote mbili. Ipige picha kwa simu, kwa sababu karatasi hupotea.

Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila matibabu yako ya kawaida kuguswa. Nesi akikwambia ukijitoa utakosa dawa zako, hilo ni la kuripoti. Fahamu tu kwamba kujitoa hakurudishi nyuma kila kitu: sampuli iliyobaki inaweza kuteketezwa, lakini matokeo yaliyokwisha kuchanganywa na ya wengine na kuchapishwa hayachomoleki. Uliza mapema mpaka wao uko wapi.

Sheria iko upande wako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kamishna wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume inayopokea malalamiko. Zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, na zote zinakupa haki ya kuuliza kinachoshikiliwa juu yako na kudai kosa lirekebishwe. Anza na mtafiti, kisha kamati ya maadili kwa ile namba iliyo kwenye karatasi, halafu Tume au Kamishna. Aliye England anaweza, tangu 2018, kuiambia NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, kwamba hataki rekodi zake zenye utambulisho zitumike kwa utafiti na mipango. Hilo halimzuii kujiunga mwenyewe na mradi anaoupenda, kwa ridhaa yake.

Mtoto uliyemsainia akifika miaka 18, mweleze kwamba damu yake ipo mahali fulani, na mpe nakala ya fomu aamue mwenyewe kubaki au kutoka. Watafiti wanapaswa kumtafuta, lakini wewe ndiye unayejua alipo. Na ukibadilisha namba ya simu au ukihama, watumie ujumbe mfupi. Miradi mingi hupoteza washiriki kwa sababu ya laini iliyofungwa, na wewe hukosa kuitwa siku matokeo yanaposomwa.